Akili ya Binti Asiyekula

Maneno niliyoyasema Iringa mjini mbele ya matroni, walimu wa malezi, wazazi na viongozi wa dini. Nimeyaandika kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Shikamooni wazee wangu. Wachungaji, mapadre, masheikh, walimu, matroni, wazazi wenzangu: kamwene!

Nimeombwa nizungumzie mabinti wanaokataa chakula. Najua wengi mnatarajia nianze na miili iliyokonda. Nitafika huko, lakini nataka kuanza na kichwa: namna mtu mwenye tatizo la ulaji anavyofikiri, anavyoamua na anavyobadili mawazo, na kama ukali wa dalili zake unaweza kutuambia hali ya fikra zake. Naanzia hapo kwa sababu ya lalamiko moja ninalokutana nalo kila ninapoitwa shuleni. Matroni ananiambia, "Daktari, huyu mtoto ni mkaidi." Mama anasema, "Nilimdekeza, sasa ana kiburi." Baba anasema, "Akichapwa atakula." Tukikosea hapo, yote tutakayofanya baadaye yanaharibika, hata yale mazuri.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini habari ya lishe tumezoea kuisikia kwa upande mmoja. Tunalima mahindi, viazi, maharage na parachichi. Kyela kuna mchele, Rungwe kuna ndizi na maziwa. Halafu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ukatuonyesha kwamba hapa Iringa watoto wapatao 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto. Ni haki kabisa nguvu zetu zielekezwe kwa watoto hao, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimewapunguzia uzito. Lakini kuna kundi ambalo halimo kwenye mabango yetu ya lishe. Ni binti wa miaka 15 au 16, chakula kipo mbele yake, naye hawezi kukitia mdomoni. Au anakula, tena kwa wingi wa kutisha, kisha anazunguka nyuma ya bweni kujitapisha. Wavulana pia wamo, ingawa hatuwatazami.

Wapo wanaosema haya ni magonjwa ya Wazungu. Ni kweli majina yake yalitoka huko. Daktari William Gull wa London aliipa anoreksia, yaani kujinyima chakula mpaka mwili unadhoofika, jina lake mwaka 1873, mwaka uleule ambao Charles Lasègue wa Paris aliandika juu ya wagonjwa wa aina hiyohiyo. Bulimia, yaani kula bila kujizuia kisha kujitapisha, kunywa dawa za kuharisha au kujinyima ili kufidia, ilielezwa na Gerald Russell, London, mwaka 1979. Ulaji wa kupindukia usiofuatiwa na kujitapisha uliwekwa kama ugonjwa kamili katika mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013. Lakini mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wasichana na wanawake vijana zaidi ya 200, na dalili zilikuwepo, zikiambatana na kuangalia zaidi vyombo vya habari. Hiyo ilikuwa kabla simu janja haijafika Makambako. Kwa hiyo tusijidanganye kwa umbali.

Kwetu huku kuna kizuizi kingine ambacho London hawana. Kwa takwimu za 2022 na 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1. Kila familia hapa imezika. Basi binti akikonda, minong'ono inaanza. Familia inaona aibu, inamficha. Au inafanya jambo la maana, inampeleka kupima, majibu yanatoka hasi, wote wanamshukuru Mungu na suala linaishia hapo. Nawaomba mshukuru, halafu muendelee kuuliza. Apimwe kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo, minyoo, vidonda vya tumbo. Na vyote vikiwa salama, bado kuna swali linalosubiri.

Sasa niwaonyeshe huo ukaidi.

Kuna siku nilikaa bwaloni katika shule moja ya wasichana, sitaitaja, na ilikuwa zamu ya makande. Binti wa kidato cha tatu alipewa sahani kama wenzake. Akaanza kutenga, mahindi upande huu, maharage upande ule. Alifanya polepole kwa ncha ya kijiko, punje moja moja, na punje iliyovunjika aliisogeza ukingoni mwa sahani peke yake. Wenzake walimaliza, wakaosha vyombo, wakatoka. Matroni akaja, kwa upole kabisa, akamwambia, "Mwanangu, basi kula maharage tu, mahindi acha." Ni neno ambalo mama yeyote mwema angelisema. Binti akasimamisha kijiko. Akatazama sahani, machozi yakamtoka, kisha akachanganya vyote na kuanza kutenga upya tangu mwanzo.

Matroni alidhani amemrahisishia kazi. Kilichotokea ni kwamba alimbadilishia kanuni katikati, na binti yule hakuwa na uwezo wa kuifuata kanuni mpya.

Uwezo huo una namna ya kupimwa. Kuna jaribio la kadi lililotungwa Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1948. Unapewa kadi zenye maumbo, rangi na idadi tofauti, unatakiwa kuzipanga, lakini huambiwi kanuni. Unaambiwa tu "sawa" au "si sawa". Ukigundua kwamba kanuni ni rangi, unaendelea vizuri. Halafu kanuni inageuzwa kimyakimya, sasa ni umbo. Mtu wa kawaida anakosea mara chache, anashtuka, anabadilika. Kikundi cha London cha Hospitali ya Maudsley na Chuo cha King's, akina Janet Treasure na Kate Tchanturia, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili, na wengine wamelirudia kwingineko. Watu wazima wenye anoreksia, kwa wastani, huendelea na kanuni ya zamani kuliko watu wengine, hata baada ya kuambiwa "si sawa" mara kadhaa. Nasema kwa wastani, maana wapo wagonjwa wanaofanya vizuri kabisa. Na kwa vijana wadogo tofauti hiyo ni ndogo zaidi na haionekani katika kila utafiti, jambo ambalo linanipa matumaini makubwa: kwa rika la watoto tulionao shuleni, huenda ugumu huo bado haujakomaa.

Fikirieni lori lililonasa gia moja katika kupanda Mlima Kitonga. Injini nzima, mzigo upo, dereva njia anaijua. Gia ndiyo haibadiliki. Kumpigia dereva honi hakumsaidii.

Injini nzima, ndiyo. Watu wenye anoreksia wakipimwa akili kwa ujumla huwa katika wastani au juu yake kidogo. Msije mkadhani nazungumzia ujinga.

Jaribio la pili linatumia karatasi na penseli tu, na nimeliona likifanyika mara nyingi. Lilitungwa na André Rey wa Uswisi mwaka 1941. Unawekewa mchoro wenye mistatili, misalaba, mistari na kiduara chenye nukta tatu ndani, unauiga, baadaye unauchora kwa kumbukumbu. Wengi huanza na mstatili mkubwa wa katikati, kisha wanajaza. Nilimwona binti mmoja wa Mbeya, mwanafunzi mzuri sana, akianza na kile kiduara. Alizipanga nukta tatu, akafuta, akazipanga tena mpaka zikalingana. Kisha akahamia msalaba wa pembeni. Mstatili mkubwa aliufikia mwisho, na haukuenea kwenye nafasi iliyobaki. Baada ya nusu saa, alipoombwa auchore bila kuutazama, kiduara kilitoka safi kabisa, ila mchoro wenyewe haukuwepo. Tafiti zinaonyesha kwamba watu wengi wenye anoreksia wana mwelekeo huo wa kushika kipande kidogo kwa nguvu na kupoteza umbo zima.

Walimu, mnamjua mwanafunzi huyo. Daftari lake mnalionyesha wenzake. Pambizo imepigwa rula kila ukurasa, kichwa cha habari kwa rangi, na ukurasa wenye kosa moja ameuchana na kuuandika upya. Kwenye mtihani wa Kiswahili anaandika aya ya kwanza ya insha mara tatu na muda unamwishia. Ninyi mnasema hakujipanga. Anachokula nacho ni hivyohivyo: anajua nishati iliyo kwenye nusu ya chapati, anajua kijiko cha mafuta, anajua maziwa ya mgando yana nini, lakini umbo zima la maisha yake, kwamba amezimia mara mbili, kwamba hedhi imekatika, kwamba mtihani wa kidato cha nne unakuja na hana nguvu ya kupanda ngazi, hilo halishiki.

Kwa wanaokula bila kujizuia, picha ni tofauti. Kwao shida kubwa zaidi huwa ni kusimama pale msukumo unapokuja, na kupima kati ya nafuu ya sasa hivi na gharama ya kesho. Sitakaa sana hapo leo, ila naomba msiwatendee kama watu wenye tamaa. Aibu ndiyo inayowarudisha kwenye kula, na maneno yetu ndiyo yanayoiongeza.

Je, ugumu huu unatoka wapi? Sehemu yake inatokana na njaa yenyewe, na hilo tunalijua kwa uhakika kwa sababu lilijaribiwa kwa watu wazima wenye afya. Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, wakajitolea kwa hiari. Nia ilikuwa kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Mwaka 1945, kwa wiki 24, walipunguziwa chakula: viazi, kabichi, mkate mweusi, makaroni, vitu ambavyo hata Njombe vinapatikana. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Na hawa hawakuwa na tatizo lolote la ulaji walipoingia. Lakini walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukatakata mlo vipande vidogo ili udumu saa nzima, kulamba sahani. Wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga. Walilalamika kwamba hawawezi kusoma wala kushika wazo. Walipopimwa akili, alama zao hazikushuka. Chakula kiliporudi, wengine hawakuweza kuacha kula, wakavimbiwa na bado wakajiona wana njaa.

Nimelitaja hilo kwa kirefu kwa sababu mzazi akilielewa, hasira inaondoka. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mtu mzima, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya nguvu yote ya mwili uliopumzika. Mnapomwona binti anapanga na kupangua punje za mahindi, mnaona kitu kinachofanana na kile walichokifanya baadhi ya wanaume wale wazima wa Minnesota.

Sehemu nyingine haitokani na njaa. Mwaka 2005 kikundi kilekile cha London kilionyesha kwamba hata dada wa wagonjwa, dada wasio na ugonjwa wowote na wanaokula vizuri, nao walipata shida ya kubadili kanuni kuliko watu wengine. Na baadhi ya wagonjwa waliorudisha uzito hubaki na ugumu kiasi. Maana yake ni kwamba kuna watoto wanaozaliwa na mwelekeo huo wa kushikilia, mwelekeo ambao siku nyingine unawafanya wauguzi wazuri na wahasibu wazuri, na njaa ikiingia inaukaza mpaka mtoto hawezi kutoka.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Je, kadiri dalili zinavyokuwa kali, ndivyo fikra zinavyokuwa ngumu?

Ukali tunaupima kwa njia mbili tatu. Kwa watu wazima wenye anoreksia, mwongozo wa Wamarekani hutumia uwiano wa uzito na urefu, ule unaoitwa BMI: 17 na kuendelea ni hafifu, 16 hadi chini ya 17 ni wa kati, 15 hadi chini ya 16 ni mkali, chini ya 15 ni mkali kupindukia. Kwa bulimia wanahesabu mara ngapi kwa wiki mtu anajitapisha au kufidia kwa njia nyingine: mara 1 hadi 3 ni hafifu, mara 14 na zaidi ni kupindukia. Na kuna dodoso lenye maswali 28 linalouliza juu ya siku 28 zilizopita: hofu ya kunenepa, kujinyima, kuuchukia mwili.

Mtu angetegemea mwenye uzito mdogo kuliko wote ndiye mwenye fikra ngumu kuliko wote. Tafiti hazisemi hivyo kwa uthabiti. Mara nyingi uzito wa siku ile, na hata miaka ambayo mtu ameugua, havitabiri vizuri atafanyaje kwenye kadi au kwenye mchoro. Sonona na wasiwasi, ambavyo huambatana sana na magonjwa haya, katika tafiti kadhaa vimeonekana kuchangia. Picha za ubongo zinasimulia habari nyingine kidogo: mwaka 2022 watafiti wa nchi mbalimbali waliunganisha picha za watu zaidi ya 1,600, wagonjwa na wasio wagonjwa, wakaona kwamba kwa wenye anoreksia tabaka la juu la ubongo limepungua unene kwa kiwango kikubwa, mara 2 hadi 4 ya kile kinachoonekana katika magonjwa mengine ya akili. Lakini kwa walioanza kurudisha uzito, upungufu ulikuwa mdogo. Ubongo unajirudi. Naomba hilo wazazi mlibebe: unajirudi, na kadiri mnavyowahi, ndivyo uwezekano unavyokuwa mkubwa.

Mnaona kwa nini sipendi mizani iwe hakimu wa pekee? Mizani inatuambia hatari ya mwili, na ni lazima itumike. Haituambii binti anateseka kiasi gani kichwani. Nimeona watoto wanaorudishwa nyumbani kwa sababu "hajakonda sana". Binti aliyekuwa na kilo 85 akashuka hadi 60 kwa miezi michache anapongezwa kanisani, anaitwa modo, na mapigo ya moyo wake yanaweza kuwa yameshuka kama ya yule aliyebaki mifupa. Mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida kabisa, na chumvi ya potasiamu katika damu yake inaweza kushuka mpaka moyo ukasimama. Msisubiri mtoto akonde ndipo mumwamini.

Wala msisubiri ashuke darasani. Hili linaniuma. Mzazi anatoa ripoti ya shule mfukoni, ananionyesha: wa kwanza kati ya 80. "Daktari, mtoto mwenye akili hivi ana shida gani?" Mama yangu, alama hizo amezinunua kwa kulala saa tatu tu kila usiku. Kukariri ni kazi ambayo gia moja inaiweza. Tazama kama bado anacheka na wenzake, kama anaweza kubadili ratiba yake ya Jumamosi bila kulia, kama shangazi akifika ghafla na kuku anaweza kukaa mezani.

Viongozi wangu wa dini, naomba dakika zenu. Kaskazini mashariki mwa Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwachunguza wasichana 668 wa sekondari. Walipatikana 10 ambao wembamba wao haukuwa na sababu nyingine ila kujinyima chakula. Hawakusema wanaogopa kunenepa. Walizungumza kwa lugha ya dini: kujitawala, usafi, kufunga. Mwenye kuangalia orodha ya dalili za vitabuni angewapita. Sisi tunaishi mahali ambapo mfungo wa maombi ni jambo jema na la kawaida, na sina neno dhidi yake. Lakini mfungo wa kweli una mwanzo na mwisho, na mwisho wake watu wanakula pamoja kwa furaha. Binti mgonjwa hawezi kuumaliza. Kwaresima imepita, yeye bado. Ramadhani imepita, Idi imefika, yeye anatafuta siku nyingine ya kulipa. Ninyi mnayo mamlaka ambayo mimi sina. Qur'ani katika sura ya pili inampa mgonjwa ruhusa ya kula. Sheria ya kufunga ya Kanisa Katoliki inawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka waanzapo mwaka wa 60, kwa hiyo binti wa miaka 16 hadaiwi. Mchungaji akimwambia binti mbele ya mama yake, "Mwanangu, kwako wewe ibada ni kula," ameniokolea wiki nyingi za kazi.

Nikija mezani. Baada ya kuelewa namna anavyofikiri, mambo mengi mnayoyafanya kwa upendo mtayaacha wenyewe. Msimwambie "chagua unachotaka", kwa sababu kuchagua ndiko kunakomtesa. Mwambieni mapema, asubuhi, kwamba mchana kuna wali na maharage, sahani ya kiasi hiki, atakaa hapa, nitakaa naye. Na ikifika mchana iwe hivyohivyo. Msimbadilishie katikati, hata kwa huruma, hata kumpunguzia. Maneno mezani yawe machache: "Najua ni vigumu. Kijiko kinachofuata." Msijadili vitamini, msimhesabie watoto wenye njaa, atawashinda kwa hoja na chakula kitapoa. Mtu akae naye mpaka amalize, na abaki naye saa moja baada ya hapo, wakisuka nywele au wakiangalia tamthilia, maana hapo ndipo wazo la choo linapokuja. Fimbo iachwe kabisa. Kumpima uzito mbele ya wenzake kuachwe kabisa.

Na kuna salamu yetu. Binti amepambana miezi miwili, ameongeza kilo tatu, anarudi likizo, anashuka stendi ya Ipogolo na shangazi yake anampokea kwa furaha: "Jamani, umenenepa! Umenawiri!" Sisi tunasema hivyo kwa upendo, ni baraka. Kwake ni pigo, na jioni ile hatakula. Semeni "nimefurahi kukuona", inatosha. Waambieni na majirani.

Kwa vijana, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ile inayowarudishia wazazi usukani wa chakula kwa muda, huku mtaalamu akiwaongoza, kisha binti anarudishiwa kidogo kidogo kadiri fikra zinavyofunguka. Hii inatufaa sana sisi, maana nyumba zetu zina bibi, mama mdogo, dada mkubwa. Kuna watu wa kukaa mezani kwa zamu. Kuna pia mazoezi ya fikra yaliyoanzishwa na wale wa London, hayagusi chakula wala uzito: kueleza barua ndefu kwa maneno machache, kupita njia nyingine kwenda dukani, kupanga kadi kwa kanuni inayobadilika. Yanalegeza fikra, na wagonjwa wanayapenda. Peke yake hayajaonyesha kwamba yanarudisha uzito, kwa hiyo mtu asiwauzie kama tiba kamili.

Sasa hatari, na hapa naomba walimu waandike. Mtoto aliyekaa siku nyingi bila kula vya kutosha msimshindilie chakula kingi ghafla nyumbani au bwenini. Mwili ulionyimwa muda mrefu ukipewa wanga mwingi kwa mkupuo, fosfati, potasiamu na magnesi katika damu zinaweza kuporomoka, na mtu anakufa akiwa ameshiba. Anaanzishwa taratibu, kwa vitamini B1 na vipimo vya damu, mahali penye daktari. Mapigo ya moyo chini ya 50 kwa dakika akiwa macho na ametulia, kuzimia, kuchanganyikiwa, miguu kuvimba, kutapika damu, au kusema anataka kufa: huyo halali shuleni. Anakwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa usiku huohuo, na ikibidi Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na takriban kifo kimoja katika kila vitano ni cha kujiua. Nalisema wazi kwa sababu nimeona barua ya shule imeandikwa "hysteria, apumzike".

Kuhusu barua hiyo, matroni, ninyi ndio mnaomfahamu kuliko daktari atakayempokea. Msiandike tu "hali chakula". Andikeni uzito wa muhula uliopita na wa sasa. Andikeni mapigo ya moyo mliyohesabu kwa dakika nzima, hedhi ya mwisho, kama meno ya mbele yamemomonyoka au mashavu yamevimba chini ya masikio, kama vifundo vya vidole vina makovu. Halafu ongezeni mistari miwili juu ya fikra zake, ile ambayo hakuna mashine itakayoitoa: anatenga chakula kwa saa ngapi, nini kinatokea mkibadilisha ratiba, anaandika upya daftari mara ngapi, ameacha kuzungumza na rafiki gani tangu lini. Mkiwa na namba ya simu ya nyumbani ya mama na ya baba, wekeni zote mbili.

Nakala za mfano wa barua hiyo ziko mezani pale mlangoni. Chukueni moja kila shule, na wenye maswali tukae, nina muda mpaka jioni.